Mkono wa Josephina

Kilakala, Morogoro
14 Machi 2023

Mjomba Severin,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, na kile kifua kikuache upumue vizuri. Wote wa hapo nyumbani nawasalimu. Mimi ni mzima wa mwili. Kwa upande wa salamu naishia hapo, maana nikiendelea nitakuwa naandika uongo.

Josephina yuko kwangu. Jana asubuhi tulikuwa tunafungua madirisha ya darasa hapa kituoni Tuinuane, Paskalia akaniita: "Yustina, si mdogo wako yule getini?" Nikadhani umemtuma alete ndizi. Nikatoka nacheka. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, mkono wa kulia ameuviringisha kwenye kanga, ameukumbatia kama mtu aliyebeba kichanga. Ameshuka kwa miguu toka Tegetero hadi Kinole, akapata gari la ndizi hadi mjini. Nilifungua ile kanga, nikaifunga tena. Mjomba, nje ya darasa la alama kazi yangu ni miili ya watu. Nimenyoosha miguu iliyokauka, nimeosha vidonda vya mgongo vinavyotoa harufu. Mkono wa mdogo wangu nilishindwa kuutazama.

Daktari anasema kiganja kimevunjika mahali pengi, na vidole viwili, cha kati na cha pete, pengine havitakunja tena. Wamemfunga POP, ile plasta ngumu, hadi kwenye kiwiko. Nilimuuliza imekuwaje. Amenieleza kwa alama za mkono wa kushoto, polepole, anakwama, anarudia, kama mwenye kigugumizi.

Ni Oscar, mumewe. Jumapili baada ya misa Josephina alisimama nje ya kigango na Hamza, yule fundi seremala wetu ambaye naye ni kiziwi, aliyepanda huko kumpelekea mtoto wa jirani yenu, yule asiyeweza kukaa peke yake, kiti. Walikuwa wanazungumza, wanacheka. Tangu Josephina aje kwetu kujifunza cherehani na lugha ya alama, hiyo ndiyo raha yake, kumpata mtu wa kuzungumza naye hadi achoke. Oscar akawaona. Walipofika nyumbani akamshika mkono, akaulaza juu ya ukingo wa kinu, akachukua mchi. Alikuwa anasema kitu huku anapiga. Josephina hajui alisema nini. Aliona mdomo tu unafunguka na kufumba.

Mimi najua kiganja cha kiziwi ni nini, Mjomba. Na Oscar anajua. Angekuwa na hasira tu angempiga kofi, kama wanavyofanya wenzake wote wanaojiita wanaume. Yeye alichagua.

Wewe ndiye mkubwa wa ukoo. Ardhi ile ni ya mama na ya bibi, sasa ni ya Josephina. Oscar aliikuta. Alikuja hapo na panga lake na nguo alizovaa. Ninachokuomba ni kimoja: mtoe. Nangoja jibu lako kwa gari hilihili la ndizi, maana simu huko inakatika na mimi nikisikia sauti za watu nitapiga kelele tu.

Mpwa wako,
Yustina


Tegetero
24 Machi 2023

Mpwa wangu mpendwa Yustina,

Marahaba, mwanangu. Milele amina. Nimepokea barua yako salama na nimeisoma mara kadhaa, miwani ikiwa safi na miwani ikiwa chafu, na kila mara imenichoma vilevile. Kifua kinanisumbua kiasi, si cha kulalamikia. Mvua zimeanza vizuri. Mpe pole nyingi mdogo wako, mwambie mjomba anamwombea.

Sasa nisikilize, maana nimekulea na nina haki ya kusikilizwa. Umeandika kama mtu anayemwagiza karani. "Mtoe." Mtu hatolewi kama jiwe kwenye mchele, Yustina. Oscar ni mume wa ndoa, tena ndoa ya kanisa, na mimi mwenyewe ndiye katekista niliyewafundisha. Amekosa. Amekuja kwangu amepiga magoti, analia kama mtoto, ameleta na mbuzi. Anasema shetani alimpitia. Mimi nilifika pale mambo yamekwisha, sikuona, kwa hiyo siwezi kusema zaidi ya alivyosema yeye.

Unajua yule mwanaume amenifanyia nini. Mwaka ule wa maporomoko, njia ya Kinole ilipokatika na mimi tumbo limejifunga, watu wazima hapa walisimama wakasema tungoje mvua iishe. Oscar alinitia mgongoni. Alinibeba kwenye tope, anaanguka anainuka, hadi barabarani. Ninyi wote mlikuwa mjini. Mtu aliyekubeba hivyo utamwambia nini? Chukua panga lako uende?

Na niseme lililo moyoni. Josephina alikuwa bubu mtulivu. Ameishi na mumewe miaka bila neno. Ameenda kwenu huko, amerudi mikono haitulii, kanisani, kisimani, njiani. Mwanaume anakaa mezani na mkewe na wageni, wanazungumza na kucheka, yeye peke yake hajui linalosemwa. Hilo halimpi haki ya kupiga, nakubali. Lakini kituo chenu nacho kijiangalie.

Mfupa utaunga. Njooni Pasaka tukae kikao kama ukoo. Na neno la polisi lisitajwe. Ukishampeleka shemeji yako polisi, hata ukishinda umeshindwa.

Ni mimi mjomba wako,
Severin


Kilakala
3 Aprili 2023

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilifika. Kifua, jaribu tangawizi na asali, na uache kulala karibu na moshi.

Kwanza, Josephina si bubu. Ni kiziwi. Bubu ni mtu asiye na la kusema. Huyu alikuwa na la kusema tangu ana miaka miwili, ila sisi wote hatukujishughulisha kujifunza lugha yake. Tulimpa ishara chache, njoo, kula, kuni, maji, lala. Hata mbwa wa jirani anaelewa zaidi ya hizo. Unaita huo utulivu? Na Oscar kama alijiona mpweke mezani, mlango wetu uko wazi. Kuna baba mmoja mkulima anatoka Kisaki kwa basi kuja kujifunza alama kwa ajili ya binti yake. Kisaki, Mjomba! Oscar hata siku moja hakuuliza maji yanaitwaje.

Pili, kuhusu polisi umechelewa. Tulikwishakwenda.

Nikueleze, usije ukasikia kwa watu. Tulikwenda watatu, mimi, Josephina na Paskalia. Kaunta kulikuwa na askari kijana anakunywa soda.

"Mlalamikaji nani?"

"Huyu."

"Mbona haongei?"

"Anaongea. Huyu dada Paskalia ni mkalimani, atakutafsiria."

"Ah. Sasa nyie ndio mtaongea, nitajuaje kama ni maneno yake? Mwambieni aandike." Akamsogezea Josephina karatasi na kalamu. Josephina akautazama mkono wake ulio kwenye POP, akamtazama yule askari. Askari akacheka. Akasema, "Basi mrudi akipona."

Akipona! Nilishika ukingo wa ile kaunta, maana vinginevyo ningemshika yeye.

Wakati huohuo simu yangu ikaita. Bwana Nasibu, mkurugenzi wetu. Ameshasikia. Akasema, "Yustina, rudi kazini. Kituo hiki hakiamui ndoa za watu. Tukigombana na vijiji, wazazi watawaficha watoto wao tena, na kazi yote ya miaka hii itapotea." Nilimwambia, Bwana Nasibu, watoto hao tunawafundisha kuongea ili iweje, kama wakiongea wanavunjwa mikono na sisi tunatazama pembeni? Akasema nisimpandishie sauti. Nikakata simu.

Kumbe Paskalia alikuwa ameshamwandikia ujumbe Hamza. Haukupita muda wakaanza kuingia. Hamza mwenyewe na vumbi la mbao kichwani, mafundi wenzake, wanawake wa cherehani, vijana wawili wanaosoma chuo kule Mazimbu. Viziwi watupu. Hawakufanya fujo yoyote. Walikaa kwenye benchi, benchi likajaa, wakakaa sakafuni, wakaanza kuzungumza. Ukumbi mzima ni mikono tu inakwenda, na hakuna sauti. Yule askari akasema, "Wanasema nini hawa?" Paskalia akamjibu, "Sasa unaona raha yake?" Mkuu wa kituo akatoka ofisini, mama mtu mzima, akasimama akatazama. Akauliza jambo moja tu: "Nani ameumizwa?" Akamwingiza Josephina na Paskalia ndani, akaandika maelezo yake yote na kutupatia PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi.

Oscar atakamatwa wiki hii. Ukitaka kumficha, shauri yako.

Kikao cha Pasaka hatuji. Mbuzi wake mle.

Mpwa wako,
Yustina


Tegetero
11 Aprili 2023

Yustina,

Wamekuja kumchukua Oscar wakati wa sala ya jioni, watu wote wanatazama. Wamempandisha pikipiki katikati ya askari wawili kama mwizi wa kuku. Mama yake alianguka pale njiani.

Hukunisikiliza. Umeuchukua ukoo wetu ukaumwaga barabarani. Umemtanguliza yule mkalimani wako na viziwi wa mjini mbele ya mjomba aliyekupeleka shule kwa ndizi zake.

Nimeombwa kuwa shahidi wa Oscar. Nitashuka na nitasema. Barua zako usiniletee tena.

Severin


Kilakala
20 Julai 2023

Mjomba,

Umesema nisikuandikie, na nimekaa kimya tangu Aprili. Shikamoo. Hali yako sikuulizi, niliiona mwenyewe juzi mahakamani. Umekonda, na kola ya shati imekuwa pana shingoni.

Nilikuwa benchi la nyuma. Sikuruhusiwa kutafsiri kwa kuwa mimi ni dada yake, na kwa hilo hakimu alikuwa sawa. Aliapishwa Paskalia. Josephina alikaa mbele, macho kwenye mikono ya Paskalia, kila neno lililosemwa mle ndani likimfikia kwa njia hiyo. Ulijua? Au ulidhani akiwa amekaa pale hasikii, basi hayupo?

Ulishika Biblia. Mkono uliotufundisha mimi na Josephina ishara ya msalaba, mmoja baada ya mwingine, kwenye kile kibaraza, kabla hata hatujajua kuvaa viatu. Ukasema: "Mheshimiwa, huyu mwanamke aliteleza mtoni akifua, jiwe likamponda mkono. Mimi nilimwona akirudi." Paskalia alipofika kwenye jiwe, mikono yake ilisimama. Ilibidi hakimu amwambie endelea. Na Josephina hakupepesa macho.

Ulipomaliza ulitoka moja kwa moja, ukapita kati yetu kama unapita kwenye shamba la mtu. Hukusubiri. Kwa hiyo hujui kilichotokea nje, na ndiyo sababu naandika, utake usitake.

Tulikaa kwenye ngazi. Nilikuwa natukana, Mjomba, sikufichi. Josephina akanigusa goti. Akaniambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia tangu Machi, hakukisema polisi wala mahakamani. Kwamba ulikuwepo. Kwamba uliingia uani Oscar akiwa ameshika mchi. Kwamba ni wewe uliyemkamata kwa nyuma ukamwangusha, ukampokonya ule mchi ukautupa migombani. Kwamba kanga ile aliyoshuka nayo ni wewe uliyemfunga, na ulikuwa unalia.

Nikamwuliza, kwa nini hukusema? Akasema: "Mjomba mzee. Nikisema aliona, watamwita. Oscar na ndugu zake watamchukia. Anaishi nao huko peke yake."

Umeelewa? Alikulinda. Mkono umevunjika, mtu anampa kalamu na kumcheka, na yeye anapanga maneno yake kwa uangalifu usije wewe ukapata shida na majirani. Alikuondoa kwenye simulizi lake ili uwe salama. Na wewe ukaingia kwa mlango wa mbele, ukavaa koti la Jumapili, ukamwita mwongo.

Najua Oscar alikubeba. Umeniambia. Basi mlipe Oscar kwa chako. Mpe shamba lako, mpe mbuzi wako, mbebe na wewe mgongoni kama unaweza. Mkono wa Josephina haukuwa wako wa kulipia.

Huku kituoni Bwana Nasibu ameniondoa darasani, ameniweka stoo nihesabu magodoro. Anasema mpaka kesi iishe. Paskalia anafundisha madarasa yote mawili, jioni analoweka vidole kwenye maji ya moto. Simlaumu mkurugenzi peke yake. Kila mtu mwenye heshima katika habari hii ametafuta jinsi ya kunyamaza.

POP ilitolewa mwezi uliopita. Vidole viwili vimesimama, kama alivyosema daktari. Kuna maneno hawezi tena kuyasema kwa mkono ule. Jina langu ni mojawapo, maana alama yake hukunja kidole cha kati. Amenipa jina jingine.

Hukumu bado. Hakimu amepanga kusikiliza tena mwisho wa Agosti.

Yustina


Kilakala
6 Septemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na mvua haikukukuta njiani. Sikukuona ukiondoka. Nilikutafuta hadi kwenye magari ya Kinole, wakasema umeshapanda.

Hukunijibu barua yangu, nikasema basi. Kwa hiyo nilipokuona umesimama kwenye mlango wa mahakama siku ile, bila koti, umeshika kofia, nilijua umekuja kuongeza uongo mwingine. Nilimwambia Paskalia, "Huyu mzee hana aibu." Nakuambia nilichosema, kwa kuwa sitaki kujifanya niliamini. Sikuamini.

Mwendesha mashtaka alipomwambia hakimu kwamba shahidi wa utetezi ameomba asikilizwe upya, Oscar alitabasamu. Ukaambiwa uape. Ukasema, "Mheshimiwa, Biblia niliishika mara ya kwanza, haikunisaidia. Ngoja niseme tu." Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, alikuapisha hivyohivyo.

Ukasema. Mchi, kinu, ulivyomvuta kwa nyuma, kanga. Wakili wa Oscar akasimama ghafla akauliza, ulisema uongo siku ile au unasema uongo leo, na wewe ukamjibu, "Siku ile." Basi. Hukujitetea kwa lolote. Nilikuwa nangoja ule mgongo na yale maporomoko, hukuyataja.

Kisha hakimu akakuuliza kama mshtakiwa alisema chochote alipokuwa anapiga. Ukasema:

"Alikuwa anasema, 'Sasa nyamaza. Sasa nyamaza.' Kila pigo."

Nilimtazama Paskalia. Ilibidi ayatafsiri. Ndiyo kazi yake, na alikuwa amekula kiapo. Aliyasema kwa mikono miwili, mara mbili, kama ulivyoyasema wewe. Na hapo ndipo Josephina alipojua ule mdomo ulikuwa unafunguka ukisema nini. Kwa miezi yote ile hakulia mbele ya watu, hata daktari alipokuwa anamvuta vidole. Siku ile alitoa sauti. Wewe umemlea, unaijua sauti yake, lakini nadhani ile hukuwahi kuisikia. Oscar aliziba masikio.

Hakimu amekuonya kwa kiapo cha uongo, na akasema hakushtaki kwa kuwa ulijileta mwenyewe. Wengine wanasema una bahati. Hukumu imesomwa jana: mwaka mmoja. Mwaka mmoja, Mjomba! Anayeiba ng'ombe anafungwa miaka mingi kuliko huyo. Oscar atarudi na mikono yake miwili, atakula ugali, atapiga makofi kanisani. Nilitoka pale nimeshinda kesi na bado nilitaka kuvunja kitu. Hamza alinipeleka karakana akanipa mbao na nyundo, nikapigilia misumari isiyo na kazi mpaka mkono ukaniuma.

Bwana Nasibu amenirudisha darasani baada ya wazazi wa watoto viziwi kumjia juu. Hajaniomba radhi na sikumngojea aniombe.

Sasa lililobaki. Josephina anarudi huko. Nimebishana naye wiki nzima. Nimemwambia akae hapa, kazi ya cherehani ipo, wenzake wapo, huko atazungumza na nani? Akanijibu: "Nyumba yangu. Migomba yangu. Mbona nihame mimi?" Nikaanza kukunja nguo zake kwa hasira. Tutampandisha Jumamosi, mimi, Paskalia na Hamza, na cherehani ambayo Hamza ameiwekea kishikio cha mkono wa kushoto. Vitu vya Oscar vitolewe nje kabla hatujafika. Hilo ni agizo, ndiyo, kama la kwa karani.

Umesema kweli mbele ya watu, na najua imekugharimu kwa majirani. Nimeliona. Lakini usidhani tumemalizana.

Yustina


Tegetero
2 Novemba 2023

Mpwa wangu Yustina,

Marahaba, ingawa safari hii hukuniamkia uso kwa uso. Mlipita na cherehani yenu kichwani mwa Hamza, nikasimama, mkasema "hodi" kwa mbali mkaendelea. Sawa. Nashukuru Mungu mmefika salama na mkashuka salama. Kifua changu kibaya kidogo kwa baridi hii. Vitu vya Oscar nilivitoa siku mbili kabla, nikavipeleka kwa mama yake. Hakunifungulia. Nilivirundika mlangoni.

Nimeacha ukatekista. Padri alisema nipumzike, nikamwambia nimeacha. Kwenye misa nakaa nyuma karibu na mlango. Ndugu zake Oscar wakiniona njiani wanatema mate. Nilitarajia hilo na silii kwa ajili yake.

Ninalokuandikia ni la Josephina. Ni mzima. Watu wanaleta nguo kushona, hata wale wa upande wa Oscar wanatuma watoto wao kwa siri. Wasichana wawili wa hapa wanakwenda kwake jioni anawafundisha alama, nasikia na yule mtoto aliyeletewa kiti naye hupelekwa. Nyumba yake ina watu kuliko yangu.

Mimi hanitazami. Asubuhi anapita uani kwangu kwenda mtoni, njia ni hiyohiyo moja, anapita karibu hata naweza kumgusa. Namngoja na salamu zangu. Nimejifunza chache kwa mmoja wa wale wasichana: habari ya asubuhi, pole, mimi nimekosa. Vidole vyangu vizito lakini nimejitahidi. Nasimama pale na mikono yangu imeinuliwa. Yeye anatazama njia. Mtu anayesikia ukimwita, hata akinuna, neno linamwingia sikioni apende asipende. Huyu asipokutazama, huna pa kupitia. Wiki iliyopita nilisimama katikati ya njia kabisa, ili asiwe na jinsi. Alisimama, akafumba macho. Tukakaa hivyo, yeye na ndoo kichwani, macho amefumba, hadi mimi nikapisha.

Wewe ndiye mwalimu wa lugha hii. Niambie. Mtu asiyekutazama unamwombaje radhi?

Mjomba wako,
Severin


Kilakala
13 Novemba 2023

Mjomba,

Shikamoo. Barua imefika. Nimekutumia dawa ya kifua kwa dereva wa ndizi, kunywa kijiko asubuhi na jioni, na usiache katikati ukijisikia nafuu.

Umeniuliza unamwombaje radhi. Sijui. Na hata ningejua nisingekuambia upesi hivi. Macho ni yake, na kwa maisha yake yote hicho ndicho kitu pekee ambacho hakuna mtu aliyeweza kumpokonya.

Usimzibie njia tena. Unanisikia? Hata mara moja.

Nitakuja Krismasi pamoja na Paskalia. Nitapita kwako nikuamkie, nitakuletea sukari na blanketi, maana mama alinilea hivyo. Chakula nitakula kwa Josephina.

Mpwa wako,
Yustina